MWAMUZI WA UPANDE WAKO

Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya faida za michezo, ikaongeza kwa adabu kwamba nisizidi dakika ishirini kwa kuwa pilau itakuwa tayari. Nimetumikia serikali zaidi ya miaka ishirini, nami najua uzito wa agizo la namna hiyo.

Faida za michezo mnazijua. Afya, urafiki, nidhamu. Tuliziandika katika insha za kidato cha pili tukapewa alama saba kwa kumi. Sitazirudia. Nataka kuzungumza juu ya jambo moja dogo, nalo ni hili: nani awe mwamuzi?

Nimelichagua kwa sababu nimeambiwa kwamba mashindano ya mabweni ya Jumamosi, ambayo sisi tuliyangoja wiki nzima, yamesimama tangu mwaka jana. Bweni moja lilisema mwamuzi anapendelea kwao. Wakaletwa waamuzi wa kulipwa kutoka mjini. Fedha zikaisha. Sasa kiwanja kinachezewa na mbuzi. Tena katika ajenda ya mchana huu limo ombi kwamba sisi wa zamani tuchange fedha za kuwalipa waamuzi hao. Kabla hatujatia mikono mifukoni, naomba niwasimulie jinsi watu wa kijiji kimoja wanavyocheza mechi zao za mwisho wa juma bila kumlipa mwamuzi hata senti, na huku mwamuzi mwenyewe ni mchezaji wa timu mojawapo.

Mwaka 2011 nilipelekwa Uingereza kusoma shahada ya pili, katika mji wa Southampton, kusini mwa nchi ile. Kiangazi cha mwaka 2012, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya London, nilikuwa nikiandika tasnifu yangu, nimepanga chumba katika kijiji kimoja cha jimbo la Hampshire. Mwenye nyumba wangu alikuwa mchezaji wa kriketi. Jumamosi moja alinikuta nimeinamia vitabu akaniambia, "Wewe ni mtu wa ofisi, bila shaka unajua kuandika tarakimu kwa mwandiko unaosomeka. Njoo utuandikie alama." Basi kuanzia Mei hadi Septemba nikawa karani wa alama wa timu ya kijiji.

Najua wako watakaouliza: kriketi ni ya nini kwetu sisi? Si mchezo wa wakoloni? Ni kweli uliletwa nao, na enzi zile kila jamii ilikuwa na klabu yake, Wazungu huku na Wahindi kule, na Mwafrika aghalabu alikuwa mwokota mipira. Lakini mchezo hauna pasipoti. Dar es Salaam unachezwa hadi leo. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilishiriki, ingawa ilifungwa mechi zake zote tatu. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Na kwa wenzangu wa rika langu mnaojiona wazee: mwaka 2024, Uganda ilipoishinda Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la mchezo mfupi, mrushaji aliyewabana wapinzani kuliko wote alikuwa Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43. Kwa hiyo msikae sana na viti.

Kwa wasioujua mchezo, nitaueleza kwa ufupi. Kila timu ina watu 11. Katikati ya kiwanja pana njia iliyokatwa nyasi vizuri, urefu wake kama mita 20, na kila mwisho wa njia hiyo vimesimamishwa vijiti vitatu, vyenye urefu wa sentimita 71. Hivyo ndivyo viitwavyo wiketi. Timu moja hutangulia kupiga, nyingine hurusha na kudaka. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi, wenye uzito wa kama gramu 160, akitafuta kuviangusha vijiti. Mpigaji hulinda vijiti vyake kwa gongo la mbao. Akiupiga mpira ukaenda mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mara wanapobadilishana ni mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka baada ya kugusa chini ni mikimbio minne. Ukivuka hewani ni sita. Watu kumi wakitolewa, zamu imekwisha, na upande wa pili hupiga kutafuta kuzidi idadi hiyo.

Katika kijiji chetu mechi ilianza saa saba mchana, lakini kazi ilianza asubuhi. Saa tatu alikuwapo mtu wa kukata nyasi na mwingine wa kuvuta rola. Hapakuwa na mfanyakazi wa kuajiriwa. Aliyekata nyasi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo alichora mistari ya chokaa. Kila mchezaji alitoa pauni chache za kununulia mpira na chakula. Baada ya zamu ya kwanza watu walipumzika kwa chai, mikate yenye matango na keki, na chai hiyo nayo ililetwa kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Timu yenyewe ilikuwa mchanganyiko kamili: fundi bomba, mpeleka barua, daktari wa mifugo, mvulana wa shule wa miaka 15, na mwalimu mstaafu wa miaka 63 aliyekuwa akikimbia kama mtu anayevuka barabara kwa tahadhari.

Sasa nije kwa waamuzi. Kriketi inahitaji wawili, mmoja kila upande wa njia. Katika ligi kubwa wapo waamuzi wenye vyeti. Kijijini hawapo. Kwa hiyo desturi ni kwamba timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi. Kwa kuwa wapigaji ni wawili tu kwa wakati mmoja, waliobaki wamekaa wanangoja zamu au wamekwisha kutolewa; basi wawili kati yao huvaa makoti meupe, hutia vijiwe sita mfukoni vya kuhesabia mipira, na kwenda kusimama. Angalieni jambo hilo vizuri. Anayeamua kama mpigaji ametoka au hakutoka ni mwenzake wa timu moja.

Wala kazi yenyewe si nyepesi. Mpira ukidakwa kila mtu anaona. Lakini iko namna moja ya kumtoa mpigaji iitwayo mguu mbele ya wiketi. Mpira umegonga mguu wake badala ya gongo. Mwamuzi ajiulize: kama mguu usingekuwapo, je, mpira ungegonga vijiti? Yaani anahukumu jambo ambalo halikutokea. Hakuna wa kumsuta. Akisema "hapana," hata malaika watasita kumwita mwongo. Mtu akitaka kuwapendelea watu wake, mlango ndio huo, uko wazi kabisa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti tulicheza na kijiji cha ng'ambo ya bonde. Wageni walitangulia kupiga wakapata mikimbio 171. Sisi tulianza vibaya, tukapoteza watu wanane, lakini nahodha wetu, yule fundi bomba, alisimama imara. Tulifika 158. Tulihitaji 14 tu kushinda, naye peke yake alikuwa na 46, akibakiza minne kutimiza hamsini, jambo ambalo hakulipata msimu ule mzima. Aliyevaa koti jeupe upande wa mrushaji alikuwa kijana wa miaka 19 aliyekwisha kutolewa mapema. Kijana huyo alikuwa mwanagenzi wa nahodha. Alifunzwa kazi naye, alilipwa naye, na jioni ile angerudi nyumbani katika gari lake.

Mpira ulirushwa, ukadunda, ukaingia ndani, ukamgonga nahodha gotini. Wageni wote wakapaza sauti kumwuliza mwamuzi. Nilikuwa mezani na daftari langu. Kutoka pale nilipokaa, upande wa kiwanja, sikuweza kujua lolote. Kijana alinyamaza kitambo, labda sekunde tatu. Kisha akainua kidole. Maana yake: umetoka.

Nahodha alitazama chini, akatia gongo kwapani, akaondoka. Hakusema neno. Alipofika kibandani alikaa akifungua vikinga vya miguu, uso umemvimba, na watu wakamwacha. Mtu wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu. Tulipata mikimbio mitano zaidi, tukaishia 163. Tulishindwa kwa mikimbio minane.

Mechi ilipokwisha kijana alikuja akivua koti. Nahodha akamwuliza, "Ulikuwa unagonga?" Akajibu, "Kijiti cha kati." Nahodha akasema, "Haya." Basi. Jioni ile katika kilabu cha kijiji walikaa meza moja na wageni wakizungumza habari za mvua, na Jumatatu kijana alikwenda kazini kama kawaida.

Naomba msinielewe vibaya. Sisemi kwamba watu wale wameumbwa kwa udongo mwingine. Katika vijiji vyao pia wapo waamuzi wenye vidole vizito, visivyoinuka kwa mtu wa kwao, nao wanajulikana kwa majina. Na huko juu, kwenye mechi za mataifa, uaminifu huo uliwashinda. Zamani taifa mwenyeji ndilo lililotoa waamuzi wote wawili. Mwaka 1987 huko Faisalabad, Pakistan, nahodha wa Uingereza Mike Gatting na mwamuzi mwenyeji Shakoor Rana waligombana kwa kunyosheana vidole mbele ya dunia, na siku nzima ya mchezo ikapotea. Kuanzia mwaka 1994 ikaamriwa mwamuzi mmoja atoke nchi isiyohusika, na mwaka 2002 ikawa wote wawili. Kwa hiyo wenye fedha na vyeti walilazimika kuwatafuta watu wa mbali, na wanakijiji wenye keki na rola wanaendelea mpaka leo kuamuana wenyewe.

Nilijiuliza kwa nini. Nikiwa karani nilikuwa na nafasi ya kutazama, na nimeona sababu nne, ambazo zote hazihusu rangi ya mtu wala usafi wa moyo wake. Zinahusu utaratibu.

Sababu ya kwanza ni zamu. Hakuna aliyezaliwa mwamuzi. Leo wewe umevaa koti, kesho mimi, na wiki ijayo tutakwenda kwa wale wageni nao watavaa makoti wakati wao wanapiga. Nikikudhulumu leo nitasimama mbele yako kesho.

Sababu ya pili ni kwamba lazima aulizwe. Sheria ya 31 ya kriketi inasema mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka wapinzani wameuliza. Hajitafutii kesi. Lakini akiulizwa hana ruhusa ya kukwepa. Ajibu papo hapo, mbele ya watu wote, kwa kidole au kwa kutikisa kichwa. Akiwa na shaka, mpigaji hubaki. Hakuna kusema "njoo kesho."

Sababu ya tatu ni daftari mbili. Mimi sikuandika alama peke yangu. Kando yangu alikaa karani wa wageni na daftari lake, na sheria inatutaka tulinganishe hesabu mara kwa mara. Kila baada ya mipira sita nilisema, "158 kwa nane," naye akajibu, "158 kwa nane," ndipo tukaendelea. Ingekuwa ofisi zetu zote zina kiti hicho cha pili, wakaguzi wangekosa kazi.

Sababu ya nne ni kwamba sheria zenyewe zilitokana na ugomvi wao wenyewe. Katika jimbo lile lile la Hampshire kiko kijiji cha Hambledon, ambacho katika karne ya 18 timu yake iliogopwa Uingereza nzima. Nahodha wake, Richard Nyren, aliwahi kuwa mwenye kilabu cha pombe kando ya kiwanja. Mwaka 1777 waliwashinda wachezaji wa sehemu nyingine zote za Uingereza, na James Aylward akapata mikimbio 167 peke yake. Basi mwaka 1771 mchezaji mmoja wa wapinzani alikuja na gongo pana kama wiketi yenyewe. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumkataza. Watu wa Hambledon hawakumtupia mawe. Walikaa, wakaandika kwamba gongo lisizidi upana wa inchi nne na robo, yaani kama sentimita 11, na kipimo hicho kinatumika hata leo. Ugomvi wa siku moja ukazaa sheria ya zaidi ya miaka 250.

Ndugu zangu, mtaniuliza, habari za vijiti na magongo zatuhusu nini? Nitawaambia zinavyonihusu mimi. Kazi yangu imenikalisha miaka mingi katika vikao vinavyogawa: viwanja, zabuni, nafasi. Sheria yatutaka kila mmoja atangaze maslahi yake, na mwenye ndugu katika jambo lililo mezani akae kando. Sheria hiyo ni nzuri nami naifuata. Lakini katika wilaya ndogo, ukimtoa nje kila mwenye ndugu, mkwe, jirani, au mtu aliyesoma naye, hakuna atakayebaki mezani ila mfagizi, na mfagizi naye ana shemeji. Hatuwezi kuagiza watu wa mbali waje watuamulie kila jambo. Tutake tusitake, sisi ndio waamuzi wa upande wetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mtu mmoja tuliyesoma naye hapa, tena bweni moja, aliomba zabuni katika kikao nilichokuwamo. Nilitangaza uhusiano wetu na kutoka nje. Karatasi zake hazikutimia, akakosa. Alikuja kwangu usiku, akaniambia, "Kaka, ungalibaki ndani, tungalipata." Nikamjibu, "Ningalibaki, ningalipiga kura ya kukukosesha, maana karatasi zako niliziona kwenye orodha ya zisizotimia." Alininunia miezi mitatu. Leo yumo humu bwaloni, na asubuhi ndiye aliyenipokea mzigo kituoni. Sitamtaja, maana ndiye msimamizi wa pilau.

Nawaambieni, zile sekunde tatu za kijana mwanagenzi mbele ya bwana wake si jambo la mchezo. Mtu akifika umri wa miaka arobaini hajawahi hata mara moja kuinua kidole dhidi ya mtu wa kwake, halafu akawekwa kwenye kiti cha kuamua mamilioni ya umma, tutegemee nini? Uwezo huo hauji pamoja na barua ya uteuzi. Unafanyiwa mazoezi, kama kupiga mpira wa adhabu. Na mahali pa kuufanyia mazoezi ni pale ambapo kosa linagharimu mikimbio minane tu, au goli moja, na jioni watu wanakula pamoja.

Ndiyo maana, Ndugu Mwenyekiti, napinga ombi la kuchangia waamuzi wa kulipwa. Si kwa ubahili. Tukiwaletea vijana hawa mwamuzi kutoka mjini kila Jumamosi, tutakuwa tumewanunulia amani kwa mwezi na kuwanyima fundisho la maisha. Badala yake natoa pendekezo, lijaribiwe muhula mmoja.

Mosi, kipindi cha kwanza mwamuzi atoke bweni moja, na kipindi cha pili bweni la pili. Atakayependelea kwao kipindi cha kwanza ajue kwamba cha pili kinakuja. Pili, kazi hiyo iende kwa zamu kwa kila mwanafunzi wa bweni, nahodha naye ashike filimbi siku yake, ili aonje uchungu wake. Tatu, makarani wawili, mmoja wa kila bweni, wakae meza moja wakiandika magoli, kadi na majina, na mwishoni kila mmoja atie sahihi katika daftari la mwenzake. Nne, wenye malalamiko waandike, na mwisho wa muhula manahodha wote wakae na mwalimu wa michezo watunge kanuni za shule yetu kutokana na malalamiko hayo. Kwa utaratibu huo huo michezo ya mikono, riadha, na hata kriketi siku moja, itakuwa na waamuzi.

Najua mtaniambia vijana watapigana. Jumamosi ya kwanza pengine watasukumana. Ndiyo maana walimu watakuwapo, na ndiyo maana pendekezo ni la muhula mmoja. Lakini mabweni haya haya yana viranja wanaowaandikia wenzao majina kila asubuhi, na wapishi wa zamu wanaogawa ugali bila kuua mtu. Wanaoweza kugawa nyama kwa haki wakiwa na njaa, wataweza kugawa mpira wa adhabu.

Ninyi vijana, nina neno moja kwenu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza tu kwamba asiyeweza kumwambia nduguye "umetoka" hajawa mwamuzi, hata akivaa koti jeupe namna gani. Na wewe utakayetolewa, fanya kama yule fundi bomba: nuna ukitaka, hiyo ni haki yako, lakini toka kwanza.

Fedha tulizokuwa tuchange tuzipeleke kwenye mipira, nyavu za magoli, na seng'enge ya kuwazuia mbuzi. Mimi naanza kwa mipira miwili, filimbi nne na madaftari mawili makubwa ya alama, ambayo nimekwisha kumkabidhi mwalimu wa michezo. Madaftari ni mawili kwa makusudi.